Tasa kwa Penseli

Dirisha la masjala ya hospitali siku hizi halina sauti. Zamani mgonjwa akiweka kadi yake juu ya ule ubao uliochubuka rangi, namba ilisomwa kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayeitikia salamu: laki saba, arobaini na tatu elfu, mia mbili na tisa. Zikafuata hatua za viatu vya raba zikienda kati ya rafu, kisha zikirudi. Sasa kuna kibao chenye taa nyekundu. Namba inawaka, mgonjwa anainuka, basi. Wale wa miaka mingi hukawia kidogo pale dirishani, wameinamisha kichwa upande mmoja, kama watu wanaosubiri kuambiwa jambo. Halafu wanakumbuka kwamba hakuna wa kuwaambia, wanaondoka.

Aliyekuwa akisoma walimwita Gawanya. Jina lake la kwenye cheti lilitumika kwenye daftari la mahudhurio tu. Alikuwa mrefu na mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote hadi cha shingoni, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa peke yake katika chumba kile chenye rafu za chuma na mafaili ya kaki. Kazi yenyewe ilikuwa na ufundi wake. Mafaili hayakupangwa kwa kuanzia mwanzo wa namba bali mwisho wake: kwanza tarakimu mbili za mwisho, kisha zilizotangulia. Kwa hiyo watu waliofika hospitali siku moja, wakapewa namba zinazofuatana, walikaa rafu mbalimbali, na jirani wa faili lako alikuwa mtu ambaye hamkuwahi kuonana. Gawanya alisema huo ndio mpangilio wa haki. Hakueleza zaidi.

Jina hilo la utani lilitokana na mchana wake. Kila asubuhi alichukua namba ya faili la kwanza lililoombwa dirishani, akainakili kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni. Ikiwa shufwa aliiacha, kwa sababu namba inayogawanyika kwa mbili hujieleza yenyewe, akasubiri faili la pili. Wenzake walipokwenda kula, yeye alikaa juu ya ngazi ya kupandia rafu na kuanza kuigawanya ile namba. Kwa tatu, unajumlisha tarakimu na kuona. Kwa kumi na moja, unajumlisha na kutoa kwa zamu. Kwa saba, kumi na tatu, kumi na saba na kuendelea, alitembea kwa miguu: anagawanya, anaangalia baki, anaendelea. Nyingi zilikubali mapema. Nyingine zilimchukua saa nzima na penseli nusu.

Alipopata jibu aliliandika nyuma ya faili, pembeni chini, kwa herufi ndogo sana. Kama namba imegawanyika kwa thelathini na moja, aliandika 31. Alikuwa na sababu ya kikazi: mgonjwa hurudi, faili hurudi, na yeye hakutaka kuihangaikia namba moja mara mbili. Na mara tatu hivi kwa mwezi ilikuja namba isiyogawanyika kwa chochote ila kwa moja na kwa yenyewe. Hapo aliandika neno alilofundishwa darasa la tano, neno lililomo katika kila kitabu cha hesabu cha lugha hii: tasa.

Namba tasa alizipenda kuliko zote. Mwalimu wake wa darasa la tano alikuwa amesema kwamba hizo ndizo matofali. Namba nyingine yoyote, iwe kubwa namna gani, imejengwa kwa tasa zilizozidishwa, na imejengwa kwa njia moja tu. Huwezi kubomoa nyumba hiyo ukapata matofali tofauti. Mtoto aliyelisikia jambo hilo alitembea nalo hadi nyumbani. Baadaye alichaguliwa chuo cha ualimu, akasoma mihula miwili, baba akafariki, akarudi kumlea mdogo wake wa kike, na masjala ikawa inahitaji mtu.

Aliwahi kuoa. Mkewe alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa pua, na walikaa miaka saba katika chumba na sebule bila kupata mtoto. Jumapili moja yule dada yake mdogo aliyemlea, ambaye sasa alikuwa na watoto wake wawili, alikuja kusalimia. Wakiwa mezani akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kaka ajue moja, amemuoa mwanamke tasa. Mke alikuwa amesimama pale pale na birika mkononi. Gawanya alikuwa na glasi ya chai. Hakusema kitu. Alikunywa chai. Mke akamaliza kumimina, akafunika birika, na baada ya miezi miwili akaondoka na sanduku lile lile alilokuja nalo.

Akaolewa kwingine, akapata watoto watatu.

Habari hiyo ilipofika, hakuna aliyeileta mbele ya Gawanya. Ilizunguka tu hadi ikamkuta. Dada yake akapunguza kuja, si kwa ugomvi, ila hakujua ayaweke wapi macho. Mwanamume hapewi lile neno. Yeye anaachiwa kimya, na kimya chenyewe kinakuwa kirefu kiasi kwamba mtu anaweza kuishi ndani yake, kupika ndani yake, kununua viti viwili na kimoja kikabaki na nailoni yake ya dukani. Ndivyo alivyoishi. Pengine mtu angetegemea kwamba kati ya watu wote yeye asingethubutu kuliandika neno hilo popote. Lakini alikuwa ameshalichukua kutoka kwa watu na kulirudisha kwenye namba, mahali ambapo si aibu ya mtu, na kule aliliandika mara zaidi ya mia sita bila kulisikia tena.

Mzee mmoja aliyekuwa akitibiwa goti alilibeba neno hilo nyuma ya faili lake miaka sita. Hakuna aliyeuliza.

Aliyekuja kuuliza ni sista wa kliniki ya wanawake, Ijumaa moja asubuhi, kabla foleni haijakaa sawa. Sista alikuwa mtu wa maneno ya haraka, na kwa miaka kumi na moja alimtania kila alipopita dirishani: mzee, siku moja utanigawanya na mimi, na baki sijui utampelekea nani. Siku hiyo hakutania. Aliingia ndani kwa mlango wa pembeni, faili kwapani, akalilaza juu ya meza kifudifudi na kuweka kidole pembeni chini.

Faili lilikuwa la fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliyekuwa akihudhuria kliniki ya wanaotafuta mtoto. Alikuwa amepangiwa operesheni ndogo Alhamisi inayofuata. Akiikosa siku hiyo angesubiri miezi minane, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kwa upande wake miezi si kitu cha kuchezea. Jana yake alikuja kwa vipimo vya mwisho. Alikaa kwenye benchi na faili mapajani, kama wote wanavyokaa, akaligeuza, akalisoma lile neno. Alisimama, akaliweka faili mezani kwa utaratibu, akasema anakwenda chooni. Hakurudi. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu hapo. Sista alikuwa ameshamuuliza daktari, na daktari alikuwa amekasirika hadi masikio yakabadilika rangi, kwa sababu ni mtu asiyeandika kwa penseli.

"Nimeuliza wote," sista alisema. "Nimebaki na wewe, kaka yangu, na wewe nakuuliza kwa kutimiza tu."

Ilikuwa nafasi rahisi. Angeweza kutikisa kichwa. Sista angeondoka akaendelea kuuliza, mwandiko ule mdogo usingemfunga mtu, na jambo lingezama kama mambo yanavyozama hospitalini. Gawanya aliijua nafasi hiyo. Alishawahi kukaa ndani yake akiwa na glasi ya chai.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umejuaje mambo ya tumbo la mtu?"

"Siyajui. Ni namba yake."

Akamweleza. Ilimchukua muda, kwa sababu hakuwa mzoefu wa kueleza, na sista alikuwa akimtazama mdomo kana kwamba maneno yanatoka kwa lugha ya kigeni. Mwisho sista akakaa juu ya ngazi. Alicheka kidogo, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, halafu kikakatika.

"Umeandika tasa," akasema polepole, neno baada ya neno, "kwenye faili la kliniki ya wanaotafuta watoto. Na mkono haukusita."

Gawanya alimjibu kwamba haukusita. Hilo ndilo lililomtisha.

Mkuu wa utawala alimwita kabla ya saa sita. Hakupiga kelele, alikuwa mtu wa taratibu. Alimtaka Gawanya aandike barua ya kujieleza, apitie rafu zote na kifutio hadi lisibaki neno hata moja, na asithubutu kumtafuta mgonjwa yule kwa njia yoyote, kwa sababu anwani iliyo kwenye faili ni siri ya faili. Hospitali ingemwandikia fundi barua rasmi ya kumwomba radhi na kumrudisha. Gawanya aliuliza barua ingefika lini. Mkuu alisema kwa njia ya kawaida, siku kumi. Gawanya alisema operesheni ni baada ya siku sita. Mkuu alisema anajua kuhesabu.

Basi Jumamosi na Jumatatu alifuta. Alivuta faili moja moja, akaligeuza, akafuta, akalirudisha. Vumbi la kifutio lilijaa kwenye mikunjo ya shati. Hakufuta tasa peke yake. Alifuta na zile 7 na 13 na 211, kwa sababu sasa zote zilionekana kama maneno ambayo mtu angeweza kuyaelewa vibaya. Sista alijaribu kupiga simu kila alipopata nafasi. Haikupatikana.

Jumanne saa kumi alasiri, alipotoka kazini, hakuelekea nyumbani. Alikuwa amenakili mistari miwili kwenye kipande cha karatasi, na safari hii haikuwa namba.

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Palikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, na kamba iliyotundikwa sare za shule za saizi ndogo, nyingi, zikisubiri muhula kufunguliwa. Fundi alikuwa na futi shingoni na pini tano mdomoni. Aliongea nazo hivyo hivyo, kwa pembe ya mdomo, akimkaribisha na kumuuliza ni suruali au ni shati.

"Natoka hospitali, mama," Gawanya alisema.

Fundi akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Usiniite mama."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemwita kila mwanamke mtu mzima hivyo pale dirishani, kama tunavyowaita wote, kwa heshima, bila kufikiri. Sasa aliponyang'anywa neno hilo alijikuta hana jingine. Alisimama akihangaika, na fundi hakumsaidia.

"Fundi," akasema mwishoni.

"Sema."

Alisema hakutumwa, na kwamba kwa kweli amekatazwa kuja. Fundi alimjibu kwamba basi angetii. Alichokuwa na haja ya kukijua ameshakijua: daktari mdomoni anasema tutajaribu, na kwenye penseli anaandika ukweli. Hata hakumchukia. Alijiambia tu kwamba katika wote wale angalau mmoja amejitahidi kuandika. Mumewe alikuwa hajaambiwa. Alikuwa safarini kikazi, angerudi wiki ijayo, na fundi alikuwa ameanza kupanga nguo zake pembeni ili mtu asije akapata kazi ya kumfukuza.

Alizungumza huku akikanyaga cherehani, na sindano ikawa inajibu mahali ambapo Gawanya alitaka kujibu. Alipoacha kukanyaga, Gawanya akasema yote kwa mkupuo. Kwamba aliyeandika si daktari. Kwamba ni yeye, mtu wa dirishani. Kwamba neno halikuwa lake yeye fundi, lilikuwa la namba ya faili lake.

"Namba nayo huzaa?" fundi akauliza.

"Hapana."

"Sasa inakuwaje tasa?"

Alimwambia kwamba ndivyo zinavyoitwa, zile zisizogawanyika, na kwamba jina hilo hakulitunga yeye, liko vitabuni. Fundi alisema waliotunga walikuwa na maneno yote ya dunia mbele yao. Halafu akasema kwamba hata hivyo vitabu havikuja kliniki na penseli.

Gawanya alikubali. Kisha akasema, akizitazama zile sare ndogo kwenye kamba:

"Mke wangu aliitwa hivyo mbele yangu. Nilikuwa nimekaa, nakunywa chai. Sikusema neno. Aliondoka, akaolewa, ana watoto watatu."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ndiyo. Ni mimi."

Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu, wala kwa ukuta wa chumba chake. Lilipotoka halikuwa na uzito aliodhani. Lilikuwa kama faili lililotolewa rafuni, jembamba, lenye karatasi moja tu ndani. Fundi akavuta kigoda kwa mguu na kukisukuma kwake.

"Kaa," akasema. "Hebu nionyeshe hiyo namba, mzee."

Gawanya akaiandika kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia: 1022117. Akaanza kumweleza. Haigawanyiki kwa mbili. Haigawanyiki kwa tatu, kwa sababu tarakimu zake zikijumlishwa zinafika kumi na nne. Kwa saba inabaki tano. Kwa kumi na moja inabaki nane. Akamwambia alivyopita tasa zote mia moja sitini na nane zilizo chini ya elfu moja, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho, mia tisa tisini na saba. Hakuna iliyoingia.

"Ukaishia hapo?"

"Naishia hapo siku zote."

"Kwa nini hapo? Namba ni ya milioni, na umepima mpaka elfu tu."

Swali hilo lilimfurahisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Akamweleza kwa kitambaa. Chukua kipande cha eneo fulani, akasema. Ukipunguza upana, lazima uongeze urefu. Unaendelea kubadilisha, upana unakua, urefu unapungua, mpaka vinakutana na kitambaa kinakuwa mraba. Ukipita hapo hupati kipya.

"Unageuza kile kile tu," fundi akasema. "Upana unauita urefu."

"Hivyo hivyo. Kwa hiyo natafuta mpaka kwenye mraba, basi."

"Na mraba wa hii uko wapi?"

"Elfu moja mara elfu moja ni milioni," Gawanya alisema.

Fundi akaitazama meza. Akachukua chaki akapiga mstari chini ya tarakimu za nyuma ya ile moja, taratibu, kama anavyopiga mahali pa kukata.

"Milioni nimeiona," akasema. "Hizi elfu ishirini na mbili umezitupa wapi? Umekata na kitambaa bado kipo, mzee."

Orodha ya zile mia moja sitini na nane Gawanya alijifunza alipoanza kazi, mafaili yakiwa ya laki tano. Ilimtosha miaka yote hiyo. Namba zilipovuka milioni hakuna aliyemwambia aiongeze, na yeye hakujiambia. Aliendelea kusimama mia tisa tisini na saba kwa sababu ndipo alipozoea kusimama. Baada ya hapo, kabla ya kufika mraba wa namba hii, kulikuwa na tasa moja zaidi: elfu moja na tisa.

Aliomba chaki. Elfu moja na tisa mara elfu moja ni 1009000. Akaitoa kwenye ile namba. Ikabaki 13117. Elfu moja na tisa mara kumi na tatu ni 13117. Akaitoa. Haikubaki kitu.

1009 mara 1013. Aliliandika hilo pembeni, na chaki ikakatika.

Fundi hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa anaona sifuri.

"Kumbe hata namba umeisingizia," akasema.

Gawanya aliinamisha kichwa. Alisema samahani, na haikueleweka anamwomba nani. Fundi alijipangusa chaki mikononi. Pembe za macho yake zilikuwa zimelegea kidogo, si kicheko, lakini ni mahali kicheko kinapopita.

"Nikuulize kitu," akasema. "Hii kugawanyika kwa namba yangu inanihusu nini mimi, na hiyo Alhamisi?"

Gawanya alijua jibu analotaka mtu mwenye huzuni. Angeweza kulitoa, lingekuwa tamu, na lingemkalia vizuri.

"Haikuhusu kitu," akasema. "Kuhusu wewe sijui lolote. Mimi ni mtu wa masjala."

"Ungesema kingine ningekutoa na futi," fundi alisema, akarudisha pini mdomoni.

Gawanya alitembea hadi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado juu ya mabati. Njiani namba ikaendelea kumfungukia. Mraba wa elfu moja kumi na moja ni 1022121. Namba ya fundi ilipungukiwa nne tu kuwa mraba kamili, na nne yenyewe ni mraba wa mbili. Kwa hiyo ilikuwa lazima igawanyike, kwa mbili chini na mbili juu ya elfu moja kumi na moja. Mtu mwenye macho angeiona kwa mistari mitatu, bila kugawanya mara mia moja sitini na nane. Tena, kati ya milioni na faili lile, namba zilizoweza kuipita orodha yake na kumdanganya zilikuwa mbili tu: hiyo, na 1018081, ambayo ni elfu moja na tisa mara yenyewe. Mbili katika elfu ishirini na mbili. Na moja kati ya hizo mbili ikaenda kumwangukia mwanamke yule.

Alisimama barabarani kwa uzuri wa jambo lile. Alifikiri arudi akamwambie. Aligeuka hata, akatembea hatua kadhaa, akaona ni upuuzi kumrudia mtu mwenye sare mia za kushona. Akaendelea na safari, na ule ugunduzi ukawa mkononi mwake kama mkate wa pili ambao mtu ameununua kwa mazoea.

Alhamisi fundi alikuja. Alikuwa wa nne kwenye foleni, na begi dogo la nguo za kulalia. Gawanya aliisoma namba yake kwa sauti, yote, kama kawaida: milioni moja, ishirini na mbili elfu, mia moja kumi na saba. Akaenda rafu ya kumi na saba, akaleta faili lake. Fundi aligeuza faili akaangalia nyuma. Hapakuwa na kitu, ila weupe kidogo pale kifutio kilipopita. Akaenda zake.

Kule kliniki alimshukuru sista. Alimshukuru kwa moyo wote na kwa sauti: mzee wenu wa dirishani alinifuata mpaka dukani, akanielewesha, kweli hospitali yenu inajali watu. Sista alijaribu kumkatisha kwa macho. Lakini mkuu wa utawala alikuwa mlangoni kwa shughuli nyingine kabisa, na alikuwa na masikio. Alipoitwa, Gawanya hakusumbua. Alikiri kunakili anwani, alikiri kwenda, na alipoulizwa kama alijua amekatazwa, alisema alijua vizuri. Mkuu alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayejitetea, akabaki na kalamu hewani. Sista alikwenda kumwombea mara mbili. Mara ya pili hakufunguliwa mlango.

Operesheni ilifanyika siku hiyo hiyo. Kilichofuata ni cha fundi na mumewe, na Gawanya hakukijua, kwa sababu kufikia Jumatatu masjala ilikuwa imepewa mtu mwingine, na miezi michache baadaye ikapewa mashine. Sista alimletea vitu vyake kwenye boksi la dawa: kikombe, sweta, na bunda la vipande vya karatasi. Alimuuliza kama kuna namba ya kugawanya humo. Gawanya alisema nyingi. Sista akasema basi siku moja amfundishe, na wote wawili walijua kwamba kliniki haitampa sista siku hiyo.

Mwaka huu ana miaka hamsini na saba. Yuko kwenye chumba cha kufulia alikohamishiwa, orofa ya chini ya hospitali ile ile, zamu ya asubuhi. Anakunja mashuka. Shuka la kitanda hukunjwa na watu wawili, lakini nafasi ya pili haijajazwa, kwa hiyo amepigilia ndoano mbili ukutani. Anabana pembe mbili pale, anarudi nyuma na nyingine mbili hadi shuka linyooke, kisha anatembea kuelekea ukutani akilikunja.